Printa imewaka kijani ila karatasi haitoki: iache kwanza hiyo draiva

Swali lenyewe hili hapa, nimelifupisha kidogo:

"Mkuu naomba msaada. Nina kompyuta ya mezani ya zamani, Windows 7, na printa ndogo ya leza imechomekwa kwa waya wa USB moja kwa moja, hamna netiweki wala nini. Miaka yote ilikuwa inapiga kazi vizuri. Tangu nihamishe meza, nikituma dokumenti inakaa tu kwenye foleni haitoki, na taa ya printa ni kijani kabisa. Nimefuta draiva nikainstoli upya mara mbili, sasa hivi naona printa yangu ipo mara tatu, kuna moja imeandikwa Copy 1 na nyingine Copy 2. Kilichonichanganya zaidi, juzi nilichomoa waya nikauchomeka tundu la nyuma, ghafla zikatoka karatasi nne za wiki iliyopita! Nikaurudisha mbele maana nyuma hapafikiki vizuri, ikagoma tena. Kingine, sijui kama kinahusiana, kila asubuhi nikiwasha tarehe inarudi nyuma miaka mingi, na browza inakataa kufungua ukurasa wa kushusha draiva inasema sio salama. Ninunue printa nyingine au nitupe kompyuta?"

Usinunue kitu mkuu, na usitupe kitu. Tena umefanya la maana kuandika hiyo habari ya karatasi nne, wengi huwa wanaiacha wakidhani ni kioja tu cha mashine, kumbe jibu lote limelala hapo.

Fikiria hivi. Printa iliyokufa haitoi karatasi za wiki iliyopita. Zilipotoka zile nne, mambo manne yalijithibitisha kwa mpigo bila fundi kugusa kitu: printa inavuta karatasi na tona ipo, waya unapitisha mawasiliano, draiva (ile programu inayoifundisha kompyuta kuongea na printa) inaelewana na printa, na kompyuta ilikuwa bado imezishika kazi zako, haijazipoteza. Sasa kama vyote vinne ni vizima, kuinstoli draiva kwa mara ya tatu kutasaidia nini? Hakuna. Kilichoharibika ni njia tu, yaani kompyuta inapeleka kazi mlango ambao printa haipo.

Inakuwaje? Ukichomeka printa ya USB kwa mara ya kwanza, Windows inaitengenezea poti yake, poti ya kwenye programu sio ya chuma, inaiita USB001. Printa nyingi ndogo hasa za zamani hazijitambulishi kwa namba yao ya pekee, kwahiyo siku ukihamisha waya kwenda tundu lingine Windows inaiona kama mgeni, inasema huyu simjui, inampa USB002, inamwandikia jina lilelile na Copy 1 mbele yake. Ukienda tundu la tatu unapata USB003 na Copy 2. Sasa yule wa kwanza hafutwi. Anabaki pale na ile alama ya tiki ya kijani inayosema huyu ndo chaguo la kawaida, na wewe ukibonyeza kuprinti kila siku kazi inaenda kwake yeye, sawa na mtu anapiga hodi nyumba ambayo mwenyewe keshahama. Kazi haipotei lakini, inakaa barazani inasubiri. Siku ile ulipochomeka nyuma, kwa bahati ukarudia tundu la asili, mwenye nyumba akarudi, karatasi nne zikatoka. Ukahamia mbele, akaondoka tena.

Na hiyo taa ya kijani isikudanganye. Inasema tu kwamba printa yenyewe iko tayari, ina karatasi, kava limefungwa. Haisemi kompyuta inaiona au haiioni.

Sasa tufanye kazi. Chagua tundu moja la nyuma na uamue kuanzia leo waya haubanduki hapo. Nasema nyuma kwa sababu matundu ya nyuma yamebandikwa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, moja kwa moja, ya mbele yanafikiwa na kiwaya kinachopita ndani ya keisi, na kwenye mashine ya zamani hicho kiwaya mara nyingi kimelegea au kimewahi kuvutwa na mtu aliyekuwa anasafisha vumbi. Usipitishe kwenye hab wala ekstensheni kwa sasa, na waya wenyewe usizidi mita 5, huo ndo mwisho wa waya wa kawaida wa USB 2.0, ukizidi hapo inaweza kukubali leo ikakataa kesho na utalogwa bure. Ukichomeka nyuma tumia tochi usipapase. Mi hili nalisema kwa aibu: kuna siku nilikaa karibu nusu siku nafuta na kuinstoli draiva, narestati, nafuta tena, kuja kuinama na tochi nakuta ile ncha bapa ya USB nimeichomeka kwenye tundu la waya wa netiweki, na imeingia vizuri imekaa kama iko kwao. Inaingia kweli, jaribu uone.

Baada ya hapo tafuta printa ipi kati ya hizo tatu ndo hai. Fungua Devices and Printers kwenye menyu ya Start, iache wazi kwenye skrini, alafu chomoa waya huku unaangalia picha za printa. Moja itafifia iwe kama ukungu, nyingine mbili zilikuwa zimeshafifia tangu mwanzo. Chomeka tena, utasikia ule mlio wa Windows wa kifaa kimeingia, subiri sekunde kama kumi, na ile iliyofifia mbele ya macho yako itarudi rangi yake. Hiyo ndo printa yako, zingine ni mizimu. Kama mlio hausikiki kabisa na hamna kinachobadilika kwenye skrini, hapo simama, usiendelee na hatua nyingine, badilisha waya kwanza, maana kompyuta haijui kama kuna kitu kimechomekwa na hamna draiva duniani itakayotibu hilo. Angalizo moja: Windows 7 ina tabia ya kuzirundika printa za kifaa kimoja chini ya picha moja, kwahiyo ukiona picha moja tu usishangae, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu yake, ukiingia Printer properties itakufungulia orodha ya majina yote. Ingia kwenye lile lililo hai, nenda kwenye Ports, tazama tiki iko poti gani. Iandike pembeni.

Sasa usikimbilie kufuta hizo nyingine, zitakusumbua. Printa yenye kazi zilizokwama haikubali kufutika, itaandika inafuta, inafuta, inafuta, mpaka kesho. Foleni isafishwe kwanza. Ndani ya Windows kuna huduma inaitwa Print Spooler, mi naiita spula, ndo karani wa foleni: anapokea kazi kutoka Word au popote, anaiandika kwenye diski kama faili, alafu anaipeleka kwa printa taratibu. Karani akishika faili bovu hasogei na waliopo nyuma hawasogei, na ndo maana kuna watu wanafuta kazi kwenye dirisha la foleni inaandika Deleting siku nzima. Kufuta pale hakusaidii, inabidi karani atolewe ofisini kwanza. Fungua Start, andika cmd, ikitokea bonyeza kitufe cha kulia cha mausi chagua kuifungua kama administrator, alafu andika mistari hii mmoja mmoja:

net stop spooler

del /Q %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*

net start spooler

Ukiingia mwenyewe kwenye hilo folda la PRINTERS kabla ya kufuta utayaona mafaili yenyewe, yanakwenda mawilimawili, moja linaishia na SPL na mwenzake SHD. SPL ndo kazi yako yenyewe iliyokuwa inasubiri, SHD ni kijikaratasi kinachosema nani katuma na inaenda printa gani. Kwa hali uliyonieleza sitashangaa ukikuta mafaili ya wiki tatu nyuma. Futa yote, ila folda lenyewe libaki, na jirani yake linaloitwa drivers usiliguse kabisa, hilo sio lako leo.

Spula ikishaanza upya ndo unafuta zile mbili zilizofifia, moja moja. Ile iliyo hai bonyeza kitufe cha kulia uiweke kuwa printa ya kawaida, na kama jina lake ni Copy 2 linakukera badilisha tu, jina halina uhusiano na poti. Fungua foleni yake, kwenye menyu ya Printer hakikisha Use Printer Offline haina tiki na Pause Printing haina tiki, maana hizo mbili zikishabonyezwa hata kwa bahati mbaya zinakaa hivyohivyo na utaamini printa imekufa. Alafu Printer properties, chini kabisa kuna kitufe cha karatasi ya majaribio. Bonyeza. Mi nina imani itatoka hapo hapo.

Ikitoka leo ikagoma kesho asubuhi wakati waya haujaguswa, basi kuna mwingine wa kumshuku, nao ni ubahili wa umeme. Windows huwa inazima matundu ya USB yanayoonekana hayana kazi, na mashine za zamani zingine zikishazimiwa hivyo haziamki vizuri. Ingia Device Manager, tafuta USB Root Hub, zinaweza kuwa nyingi, kila moja ingia Power Management utoe ile tiki ya kuruhusu kompyuta izime kifaa. Dakika mbili tu.

Kuhusu tarehe. Inahusiana lakini sio vile unavyodhani. Tarehe inarudi nyuma kwa sababu kile kibetri cha mviringo kwenye mazabodi kimeisha, kinaitwa CR2032, cha volti 3, ndo kinachoshikilia saa na mipangilio ya BIOS (programu ndogo ya kwenye mazabodi inayoanza kabla ya Windows) wakati umeme umezimwa. Hakijazuia printa yako. Ila ndo kilichozuia browza, maana tovuti salama zina cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha, sasa kompyuta yako ikiamini bado tuko miaka kadhaa nyuma itaona cheti kimetolewa siku ambayo haijafika, ndo inapiga kelele sio salama. Wengi wakifika hapo wanakwenda kushusha draiva kwenye vitovuti vya ajabuajabu ambavyo havijali cheti, alafu wanaondoka na draiva pamoja na wageni wengine wasiowajua. Kama ulifanya hivyo, skani mashine. Kubadilisha kibetri ni rahisi, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, fungua keisi, gusa chuma cha keisi kwanza, sukuma kile kishikizo betri itachomoka yenyewe, weka mpya upande wa alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Washa, panga tarehe, basi. Browza ikiendelea kugoma hata baada ya tarehe kukaa sawa, basi ni uzee wake, shushia draiva kwenye mashine nyingine ulete na fleshi.

Draiva nayo, nisije nikaonekana naidharau. Kuna wakati kweli ndo mkosaji, ila ishara zake ni tofauti na zako. Draiva isiyo yake inatoa karatasi, tena nyingi! Kila moja ina mstari mmoja juu wa alama zisizosomeka, karatasi ya pili hivyo, ya tatu hivyo, mpaka uchomoe. Hapo printa inatumiwa lugha isiyoijua. Ukifika huko usifute picha ya printa peke yake maana draiva inabaki nyuma, na ukichomeka tena inarudishwa ileile iliyoharibika, ndo maana watu wanainstoli mara tano wanapata matokeo yaleyale. Andika printui /s /t2 kwenye cmd, litafunguka dirisha lenye draiva zote zilizomo, futa ya printa yako pamoja na fungashio lake, ndo uinstoli mpya. Na angalia kwanza Windows yako ni ya 32-bit au 64-bit, ya huku haiingii kule.

Ziko pia printa ndogo za leza ambazo hazihifadhi programu yao ndani, HP LaserJet 1018 na 1020 ziko hivyo, kila zikiwashwa kompyuta inazipakia programu kupitia waya ndo zinapata akili. Kama yako ni ya kundi hilo washa kompyuta kwanza, Windows ikikaa sawa ndo uwashe printa, na uisikilize, ikipokea programu utasikia mota inazunguka kidogo alafu inatulia. Ikikaa kimya kabisa jua haikupokea kitu.

Kuna mmoja atasoma hapa akasema mbona yangu barua zinatoka ila picha hazitoki. Hilo ni suala la uzito. Ukurasa mmoja wa A4 kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, una nukta kama milioni 35. Kwa maandishi meusi matupu hiyo ni kama megabaiti 4 tu, lakini picha ya rangi kamili kabla haijabanwa inafika megabaiti 100 na zaidi kwa ukurasa mmoja, na karani wetu spula anaandika vitu vyake kwenye diski C. Sasa mashine ina RAM ya giga 1 na C imebaki megabaiti 200 imejaa mikanda ya harusi, atafanyaje? Safisha C, alafu kwenye mipangilio ya printa shusha iwe dpi 300, uzito unashuka mpaka robo na kwa matumizi ya kawaida jicho halioni tofauti kubwa.

Na wale wenye printa za zamani zaidi, zile za waya mnene wa pini 25 upande wa kompyuta na mdomo mpana wenye vishikizo viwili upande wa printa, yaani poti ya LPT1: kwenu nyinyi kibetri kikiisha printa inaweza kufa kweli, kwa sababu BIOS inasahau ile poti iliwekwa namna gani, inarudi kwenye mpangilio wa kiwandani, na programu iliyozoea ECP au EPP (namna za poti hiyo kupitisha data) inakuta kitu kingine, au poti imezimwa kabisa. Ingia BIOS uirudishe. Waya huo usiuchomeke wala kuuchomoa wakati mashine zimewaka, poti nyingi zimeungua hivyo. Na ukinunua kiunganishi cha kutoka USB kwenda waya huo, ujue Windows haitakiona kama LPT1, itakiona kama USB001, kwahiyo ile programu yako ya DOS ya mahesabu haitapata printa mpaka uisheri printa (uiruhusu itumike kupitia netiweki) alafu uielekeze kwa net use lpt1. Na hapo printa iwe inayoelewa maandishi matupu, dot matriksi zinaelewa, leza ndogo nyingi za kutegemea Windows hazielewi na hazitakuja kuelewa.

Turudi kwako mkuu. Kama karatasi ya majaribio imetoka lakini dokumenti yako bado haitoki, usirudi tena kwenye waya wala draiva. Fungua Notepad, andika neno moja, printi hilo. Likitoka basi mkosaji ni faili lako au programu unayolifungulia, na kama ni PDF, kwenye dirisha la kuprinti ndani ya Adobe Reader ingia Advanced uweke tiki kwenye Print As Image. Itachukua muda kidogo kwenye mashine ya zamani, iache, usibonyeze mara ya pili, ukibonyeza mara ya pili utapata nakala mbili.